Mwiba wa Nyuki Kwenye Stesheni ya Kolwezi

Habari za kifo cha Tata Kazadi, mzee aliyewahi kunipangisha chumba, zilinifikia mchana, nikiwa nimeketi uani nachambua lengalenga. Aliyepiga simu alikuwa binti yake, Mbombo, kutoka Mwene-Ditu huko Kasai, mji ambao sijawahi kuukanyaga ingawa nimeuwaza kwa miaka zaidi ya thelathini. Hakulia. "Mwadi, Papa ametuacha," alisema. "Alikula, akasema anaenda kupumuzika kidogo, njo vile, hakuamuka tena." Nikampa pole, naye akaipokea, kisha tukakaa kimya kila mmoja upande wake, tukisikilizana tunavyopumua. Watu waliowahi kungojea pamoja pumzi ya mtu wa tatu hawaoneani aibu kwa kimya cha namna hiyo. Tulipoagana nilirudi kwenye lengalenga zangu. Nikabaki nikiuona mwaka ule wa kufukuzwa watu wa Kasai kutoka Katanga, mwaka ambao shuleni wanausimulia kwa maneno machache na ambao sisi tuliouishi bado hatujui tuusimulie kwa sauti gani.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mtu wa Malemba, kaskazini mwa Katanga, najifunza uuguzi kwenye zahanati ya kampuni ya shaba. Nilipanga chumba kwa Tata Kazadi, fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana ya kampuni hiyohiyo. Wazee wake waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, lakini yeye mwenyewe alizaliwa Kolwezi na hakujua mahali pengine. Chumba changu kiligusana ukuta na jiko. Kila asubuhi niliamshwa na Mama Kapinga, mkewe, akipuliza makaa kwenye mbabula na kuzungumza na sufuria kama mtu anayezungumza na watoto wakaidi. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka, aliyefunga kitambaa kichwani hata siku za joto kali. Tofauti yote kati ya kwao na kwetu, kwa jinsi nilivyoijua wakati ule, ilikuwa ya unga: yeye alichanganya mahindi na muhogo, mimi nilizoea muhogo mtupu. "Kula, mutoto wa Malemba," alikuwa akiniambia, "tumbo haina kabila." Nilikula. Mbombo, tuliyelingana naye umri, alikaa karibu yangu, na sahani moja ya bitoyo, samaki wa chumvi, ilitutosha sote wawili.

Mwanzoni mwa mwaka huo nyuki alimchoma Mama Kapinga kwa mara ya kwanza mbele yangu. Alikuwa ametengeneza munkoyo, kinywaji cha mahindi, akaacha chungu wazi, na nyuki wakaja kuufuata utamu. Mmoja alimpiga kwenye kidole. Mama alicheka, akanyonya kidole, akaendelea kusonga bukari, ugali wetu. Muda si muda akaanza kujikuna tumbo, kisha mapaja, na nilipomtazama usoni mdomo wa juu ulikuwa umevimba na vipele vipana vyekundu vinampanda shingoni. Tulimpeleka zahanati kwa miguu, mimi na Mbombo. Tata Mukalay, muuguzi mkuu, alimtazama mara moja tu akatufokea kwamba mtu wa namna hii hatembezwi. Alimlaza, akamdunga sindano, akamweka pale mpaka jioni. Tata Mukalay alikuwa mtu mkavu, hakusifu wanafunzi wala hakukaa kuzungumza nasi, lakini siku ile aliniita kando ya kitanda.

"Mwadi, angalia hapa," alisema. "Nyuki alipiga kidole. Kidole kikivimba, hata mukono muzima ukivimba, ile ni nyuki tu. Unaondoa mwiba mbio, unaweka maji ya baridi, mutu anaenda kwake. Lakini uone kama mwili unajibu mahali nyuki hakufika. Bipele ku tumbo, midomo kuvimba, sauti kukauka, kutapika, kizunguzungu. Pale hautafute tena nyuki, unatafuta adrenalini. Na hii Mama, mara ingine inaweza kuwa mubaya zaidi. Mara ingine hata bipele haviwezi kutoka, usivingoje."

Nilimuuliza kama dawa za kutuliza muwasho hazitoshi. "Zile ni za nyuma," alijibu. "Kwanza adrenalini, ku paja, upande wa inje, hata juu ya kitambaa. Mutu analala, miguu juu. Kama anashindwa kupumua, unamukalisha na miguu imenyooka, lakini hasimame. Wengi wanakufaka juu ya kusimama." Kisha akafunga kabati kwa ufunguo. Dawa zilikuwa zimeanza kuadimika. Karakana zilikuwa zinanyamaza moja baada ya nyingine, malori ya kampuni yamesimama bila magurudumu, na watu walitafuta wa kulaumiwa.

Waliwapata. Kwanza tulisikia hotuba redioni, halafu tukazisikia hotuba zilezile vinywani mwa majirani. Kupitia ukuta wa chumba changu nilimsikia Tata Kazadi akimwambia mkewe kwa Kiluba chao maneno niliyoyaelewa nusu, na nusu niliyoielewa ilitosha. Kwenye bomba la maji wanawake waliokuwa wakimwazima Mama Kapinga kinu walianza kunyamaza akifika. Siku moja mmoja wao alinivuta mkono, akaninong'oneza kama mtu anayenitakia mema: "Weye Mukatanga, unafanya nini mu nyumba ya bilulu?" Bilulu, wadudu: hivyo ndivyo walivyoitwa watu wa Kasai mwaka ule, na walioliimba neno hilo barabarani walikuwa vijana niliowahi kuwafunga vidonda. Nilibeba ndoo yangu nikaondoka. Mezani jioni ile Mama Kapinga hakunihimiza kula. Aliniwekea tu chakula mbele yangu, akanitazama kwa muda, kana kwamba anauliza kitu ambacho hakutaka kukisikia kikijibiwa.

Walipokuja kuwatoa, walikuja mchana kweupe, vijana wengi wenye fimbo na vitambaa vichwani. Hawakupiga mtu siku ile kwetu. Walisimama tu uani wakiimba huku Mama Kapinga akifunga magodoro. Tata Kazadi alichukua kofia yake ya kuchomelea, akaiweka, akaichukua tena, mwisho akaiacha juu ya kiti. Waliondoka pamoja na mamia ya wengine kwenda kwenye stesheni ya treni, na huko wakakaa majuma na majuma kwenye sakafu za maghala na chini ya maturubai, wakingojea mabehewa ya kuwapeleka Kasai, kwenye nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Mimi nilihamia kwa mwanamke mmoja wa kanisani. Mtu mwingine aliingia nyumba ya Tata Kazadi kabla jiko halijapoa.

Nilikwenda stesheni kila nilipopata nafasi. Njiani vijana waliweka kizuizi cha magogo na kupekua mizigo. Chakula waliruhusu, baada ya kuchota chao. Kule stesheni joto la kabla ya mvua lilikuwa limekausha kila kitu, na kwenye bomba pekee lililokuwa likitiririka nyuki walikusanyika wengi kuliko watu, wakinywa kwenye tope. Niliwaona nikakumbuka kidole cha Mama Kapinga, na usingizi ukanikimbia. Nilimwendea Tata Mukalay. Nilidhani atakataa, kwa sababu naye alikuwa Mkatanga na alikuwa na watoto wa kulinda. Alivua miwani yake, akaisugua kwa koti. "Wakikukuta nayo watasema unawaibia bantu ba Katanga dawa yao," alisema. Kisha akafungua kabati, akanipa vichupa viwili vya adrenalini na bomba la sindano. "Tia chini ya chakula. Chini kabisa. Na umufundishe ule mutoto mwanamuke wake."

Basi siku iliyofuata nilipika bukari na sombe, yaani kisamvu, nikafunga vichupa na sindano kwenye kitambaa safi, nikavilaza chini kabisa ya kikapu, na juu yake nikaweka majani, sufuria na sahani. Pale kwenye kizuizi kijana mmoja alifunua sufuria, akachota sombe kwa vidole, akanipungia nipite. Nilifika karibu na saa sita mchana. Familia yangu, kwani nilikuwa nimezoea kuwaita hivyo, ilikuwa imeketi kwenye kivuli cha ghala, wakigawana turubai na familia ya mtu aliyeitwa Tata Tshibangu, dereva wa mashine za mgodini, mrefu, macho mekundu. Mdogo wake alikuwa amekufa njiani kuja stesheni, amepigwa na vijana. Tangu hapo hakumsalimu mtu yeyote aliyetoka mjini, wala mimi.

Walikuwa na njaa. Nilipakua, nikawakaribisha. Mama Kapinga alinishika mkono, akaniambia nile nao. Nikasema nimeshakula nyumbani, uongo mdogo ambao kila mgeni mwenye huruma huusema akiona chakula ni kidogo. Nilikuwa nangojea wamalize ili nimvute Mbombo kando nimwonyeshe nilichokileta. Mama alikula kwa haraka, tonge kubwa kubwa. Katikati alijipiga kofi kisogoni, juu ya ukingo wa kitambaa chake, kama mtu anayefukuza nzi, akaendelea kula.

Kisha akasimamisha tonge hewani. "Mikono inaniwasha," alisema. Akageuza viganja, akavitazama. Nilivitazama pia. Vilikuwa vyekundu kama vilivyotoka kwenye maji ya moto. Akashika tumbo, akainama, akatapika vyote alivyokula. Alipojaribu kumwita mumewe, sauti haikutoka kama yake. Ilitoka nyembamba, yenye mikwaruzo, kama ya mtu aliye nyuma ya mlango. Hakuwa na vipele. Uso wake, ambao siku ya munkoyo ulikuwa umejaa madoa, safari hii uligeuka wa rangi ya majivu.

Mke wa Tata Tshibangu ndiye aliyesema kwanza. "Sumu!" Alisukuma sahani yake. "Balitia sumu mu sombe!" Watu wakainuka kutoka kwenye maturubai ya jirani. Akina mama wakaanza kuwatia watoto vidole vinywani watapike. Mtu mmoja akauliza kwa sauti kubwa, "Na ye alikula?" Mwingine akajibu, "Hakugusa. Mi nilimuona. Alisema ameshiba."

"Haina sumu," nilisema. "Ni nyuki. Mbombo, ni nyuki, sawa ile siku!" Niliingiza mkono kikapuni, nikatoa majani, nikatoa kitambaa changu na kukifungua, na palepale nikatambua jinsi nilivyoonekana: mwanamke wa Katanga, asiyekula chakula alicholeta, anayetoa sindano iliyofichwa chini ya sufuria.

Tata Tshibangu aliniwahi. Alinishika kiganja cha mkono kwa nguvu hata sindano ikaanguka kwenye kitambaa. "Sumu ya kinywa haikutosha," alisema taratibu, na upole ule ulinitisha kuliko kelele za wengine. "Sasa unataka kummalizia na sindano. Mudogo wangu mulimaliza na fimbo." Duara la watu lilikuwa limetufunga. Mtu nyuma yangu alinivuta nywele. Nilimsikia Mama Kapinga akivuta pumzi, na kila pumzi ilipiga filimbi ndogo, na nilijua filimbi ile ikinyamaza kabla ya dawa hakuna nitakachoweza kufanya, wala kwake wala kwangu.

Alikuwa ameanza kujisukuma ainuke, kama wanavyofanya watu wanaokosa hewa. "Asisimame!" nilipiga kelele. "Tata Kazadi, mi naomba, asisimame! Mumukalishe, mumunyooshe miguu!" Tata Kazadi alikuwa amepiga magoti kando ya mkewe, mikono imemlegea. Hakunitazama, lakini alimzuia mabega, akamwegemeza kifuani pake. Nikamwambia Mbombo, "Fungua kitambaa chake. Angalia kisogo, pale alijipiga." Mbombo aliganda. Machoni mwake niliona swali lilelile la mama yake mezani. Nikasema tena, polepole, "Mbombo. Angalia tu. Usiponiamini mi, amini macho yako."

Alifungua kitambaa. Nyuki aliyepondeka alianguka kwenye bega la Mama. Chini kidogo ya mstari wa nywele ulikuwepo mwiba, mweusi, na kifuko chake kidogo bado kimeng'ang'ania. "Uparue na kucha," nilimwambia. Akauparua, akauweka kwenye kidole chake, akaunyanyua juu mbele ya baba yake, mbele ya Tata Tshibangu, mbele ya wote. "Papa," alisema, na sasa alikuwa analia, "ni sawa ile siku ya munkoyo. Nilikuwako. Ni Mwadi tulimupeleka naye."

Tata Kazadi aliutazama ule mwiba, kisha akanitazama mimi. Maisha yangu yote sijatazamwa hivyo tena. Alikuwa mtu aliyefukuzwa kwenye nyumba yake, kwenye kazi yake na kwenye mji aliozaliwa, na watu waliomfukuza walizungumza kwa lafudhi yangu. Sasa alitakiwa anikabidhi paja la mkewe. "Mwachie," alimwambia Tata Tshibangu. Yule hakuachia. "Mukubwa, nasema mwachie. Akikufa, niko hapa. Na ye iko hapa."

Mkono wangu uliachiwa. Nilivunja shingo ya kichupa, nikavuta nusu ya dawa kama nilivyofundishwa. Sikufunua nguo. Nilisukuma sindano kupitia kitenge, kwenye nyama ya paja upande wa nje. Kisha nikachota tonge la bukari lililobaki kwenye sufuria, nikalichovya kwenye sombe, nikalitia mdomoni mbele yao. Sikuhisi ladha yoyote. Nilitafuna huku nimeshika mshipa wa mkono wa Mama Kapinga, uliokuwa ukikimbia na kupotea, ukikimbia na kupotea.

Sijui tulingoja kwa muda gani. Midomo yake ilibaki ya majivu. Mtu mmoja akaanza kuimba wimbo wa maombolezo kwa sauti ya chini, akanyamazishwa. Tata Tshibangu alisimama nyuma yangu, nikakiona kivuli chake juu ya kitambaa chenye sindano. Filimbi ilikuwa bado inalia. Nikavuta nusu iliyobaki. "Tena?" aliuliza, na safari hii lilikuwa swali. "Tena," nilisema. Nikadunga paja la pili.

Kwanza ulirudi mshipa. Niliuhisi kabla wao hawajaona chochote, ukijaa chini ya vidole vyangu. Halafu filimbi ikapungua, ikawa mkwaruzo, ikawa pumzi ya kawaida yenye uchovu. Mama Kapinga alitetemeka mwili mzima, jambo ambalo dawa ile hulifanya, akafumbua macho, akaona watu wamemzunguka na kitenge chake kimelowa matapishi. Akamwambia mumewe kwa sauti iliyopasuka, "Juu ya nini munaniacha bila kitambaa mbele ya bantu?" Mbombo alimfunika kichwa. Mke wa Tata Tshibangu akaenda kuchota maji.

Ningetaka hadithi iishie hapo. Lakini kabla kivuli cha ghala hakijafika kwenye reli, pembe ya treni ililia kutoka upande wa mjini, na stesheni nzima ikainuka. Mabehewa yalikuwa yamekuja, ya mizigo, wazi juu. Atakayeyakosa angengojea tena bila kujua mpaka lini, na watoto walikuwa wanakufa kwa kuhara kwenye yale maghala. Nilimshika Tata Kazadi mkono. "Tata, inaweza kurudi. Leo, ao hata kesho. Tata Mukalay anasema mutu hapaswe kutoka macho ya munganga." Aliwatazama watu wakikimbia na mizigo. "Na tukibaki, Mwadi? Macho ya nani itatuangalia?"

Basi nilifanya lililobaki. Walipokuwa wakifunga mizigo nilimkalisha Mbombo chini, nikamtia kichupa cha pili mkononi. Nilimfanya ashike shingo ya kichupa bila kuivunja, anionyeshe nusu ni wapi kwenye bomba la sindano, anionyeshe paja na upande. Nilimwambia sindano imeshatumika, lakini imetumika kwa mama yake mwenyewe, asiitumie kwa mwingine. Nikamuuliza, "Utajuaje imerudi?" Akajibu, "Sauti. Tumbo. Rangi." Nikamuuliza, "Bipele?" Akasema, "Siwezi kungoja bipele." Nikamkumbatia.

Mama Kapinga hakutembea kwenda kwenye behewa. Tata Tshibangu aling'oa mlango wa ghala, wakamlaza juu yake, na yeye mwenyewe akashika upande wa kichwa. Hakuniomba radhi, nami sikutarajia. Alipokuwa ameshampandisha, aligeuka akaniambia, "Uende mbio, kabla bale batoto ba barabara hawajalewa." Ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kutoka kwa yeyote kati yao siku ile. Treni iliondoka polepole, imejaa watu waliosimama, na mimi sikuweza kumwona Mama Kapinga kwa sababu yeye peke yake alikuwa amelala.

Wiki zilipita. Zahanati ilifungwa, Tata Mukalay akarudi kijijini kwake. Kila nilipoona nyuki nilishika kisogo changu. Nilisikia habari za waliokufa njiani, wengi, na kila jina nililisikiliza hadi mwisho. Kisha mfanyakazi mmoja wa reli, mtu nisiyemjua, alikuja kunitafuta kwenye nyumba ya yule mwanamke wa kanisani. Alisema binti mmoja amemtuma kutoka Mwene-Ditu, amemkaririsha maneno mpaka akayashika. Nilimpa kiti. Alikataa kukaa, akasimama mlangoni kama mtoto anayesoma ubeti mbele ya mwalimu.

"Amesema hivi: Mwadi, ilirudi kabla ya kufika stesheni ya Tenke. Sauti ilikauka, rangi ikaenda. Bantu ba mu vagon walinishika mukono, walisema tuombe kwanza. Mi nilipiga sindano kwanza. Kisha tukaomba, na Mama naye akaomba."